Muulize Fundi: Kirikuu ya Dar Ikifika Njombe

Swali: Shikamoo fundi. Nina Kirikuu, ile pikapu ndogo, ya kabureta niliyoinunua Dar es Salaam. Kule ilikuwa inachomoka vizuri. Tangu niilete Njombe kubeba viazi, haipandi mlima, inatoa moshi mweusi na plagi zinajaa masizi. Fundi wa hapa anasema mafuta hayafiki, anataka kutanua jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta. Nimruhusu?
*Dereva wa viazi, Njombe*

Jibu: Marahaba mwanangu. Mzuie kabla hajashika drili. Moshi mweusi ni petroli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Akitanua jeti, atakuongezea ugonjwa uleule na gharama ya mafuta juu yake.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya Dar. Pistoni inavuta kama ilivyovuta siku zote, ila hewa inayoingia ni nyepesi na oksijeni yake ni chache. Injini isiyo na turbo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kama Kirikuu yako ilitoa nguvu za farasi 40 ukiwa Kariakoo, huko itakupa 32 hivi. Hizo nane hakuna fundi wa kukurudishia. Akikuahidi, mwulize hewa ataitoa wapi.

Kinachotibika ni moshi. Kabureta haipimi uzito wa hewa. Inaachia petroli kulingana na mvuto wa upepo unaopita kooni mwake. Hewa ikiwa nyepesi, petroli nayo hupungua, ila haipungui kwa kiwango kilekile, na kwenye mita 2,000 unabaki na ziada ya karibu asilimia 10. Kwa hiyo jeti unayoihitaji ni ndogo zaidi. Kama namba iliyoandikwa juu yake ni ya kipenyo, 100 iteremshe hadi 95 hivi, kisha urekebishe skrubu ya sailensi (mwendo wa injini usipokanyaga mafuta) injini ikiwa imepata joto. Wapo wanaopenyeza uzi wa waya wa shaba kwenye tundu la jeti ili kulipunguza. Gereji kwangu hilo silikubali, kwa sababu uzi ukihama hujui tena unachochoma.

Lakini kabla ya kununua jeti, tazama choki, kile kipepeo kinachobana hewa ili gari liwake likiwa baridi. Asubuhi za Juni na Julai huko ni za baridi kali, dereva anavuta choki ili gari liwake, halafu anasahau kuirudisha, au waya wake umekwama na kipepeo hakifunguki chote. Hapo jeti utaisingizia bure. Eya klina nayo ifunguliwe. Vumbi la barabara za mashambani linaiziba upesi.

Jambo la mwisho ni taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Mchanganyiko mwepesi huungua polepole, kwa hiyo cheche inaweza kuwahishwa digrii mbili au tatu na gari likachangamka kidogo. Iandike hiyo alama mahali. Siku ukishusha mzigo Dar, irudishe ilipokuwa pamoja na jeti ya zamani, la sivyo injini itagonga kwenye joto la pwani na pistoni zitaumia.

Swali: Nahamia Mbeya na Noah yangu ya EFI, ile ambayo petroli inapimwa na kompyuta badala ya kabureta. Kuna mtu anataka kunibadilishia programu ya kompyuta ya gari iendane na milima. Ni lazima?
*Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam*

Jibu: Dada, weka pesa yako. Gari la EFI lina sensa za kupima hewa inayoingia, na sensa ya oksijeni kwenye egzosi inayosahihisha petroli kila wakati. Litazoea Mbeya lenyewe. Nguvu itapungua, hilo ulijue unapotaka kulipita lori mlimani: rudi gia ya chini mapema. Likitoa moshi mweusi huko, una sensa mbovu au noze ya kupulizia petroli inayovuja, na dawa ya hayo si programu. Mwenye turbo atauhisi mlima kidogo tu, maana turbo inazunguka kwa kasi zaidi kufidia.

Swali: Gari langu lilichemsha nikipanda mlima wa Kitonga. Fundi akatoa thamostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, akasema milimani haina kazi. Sasa linakunywa mafuta mno. Kuna uhusiano?
*Msafiri wa Makete*

Jibu: Upo, tena mkubwa. Bila thamostati, kwenye baridi ya Makete injini haifikii joto lake, na kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani umewasha gari sasa hivi. Irudishwe.

Kitonga gari huchemsha kwa sababu ya mzigo, gia ya chini na mwendo mdogo usioleta upepo kwenye rejeta. Mwinuko unachangia kwa njia moja: kwenye mita 2,000 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ni mgandamizo ndani ya rejeta, na anayeushika ni kifuniko. Mpira wake ukichakaa, mgandamizo unatoka na maji yanafuata. Nunua kingine chenye namba ileile iliyoandikwa juu ya cha zamani, na usikifungue injini ikiwa ya moto.