Uwanja mfinyu wa Marion Bartoli: kwa mnaoanza tenisi

Wadogo zangu mnaoshika raketi kwa mara ya kwanza, na nyinyi makocha wapya mliokabidhiwa watoto wa watu, nina habari za Marion Bartoli, Mfaransa aliyestaafu mwaka 2013. Kila nikipokea mwanafunzi anayepiga mpira kivyake, huyu dada ndiye anayenijia kichwani.

Baba yake, Walter, alikuwa daktari aliyejifunza ukocha mwenyewe ili amfundishe bintiye. Walifanyia mazoezi Retournac, kimji kidogo cha Ufaransa, ndani ya ukumbi ambao ukuta wake ulikaribia mno mstari wa nyuma. Mtoto hakuwa na pa kurudi nyuma. Ikambidi asogee mbele aupige mpira ndio kwanza unadunda, kabla haujapanda. Baba akamfunga mipira ya tenisi visiginoni mwa viatu, ili akizembea akakanyagia kisigino ajue papo hapo. Kwa kumwiga Monica Seles, bingwa wa tenisi wa enzi hizo, Marion akashika raketi kwa mikono miwili kulia na kushoto.

Hapo kwenye mikono miwili nina dhambi yangu. Mwaka wangu wa pili wa ukocha nilikuwa na binti wa miaka tisa aliyeshika hivyo hivyo. Nikamwachisha, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Wiki tatu hazikuisha, mipira yake ikawa inafia wavuni, na yeye aliyekuwa akija mazoezini mbio akawa anakuja anaburuta miguu. Nilimrudishia mkono wake, lakini kumrudishia imani kulinichukua msimu mzima. Kwa hiyo, kocha mpya, mtazame mtoto apige mipira ishirini kabla hujafungua mdomo. Mikono miwili inapunguza urefu wa kufikia mpira, ni kweli. Basi mfundishe miguu, afike mapema. Mikono yake iache.

Bartoli mwenyewe alisubiri sana. Mwaka 2007 alimtoa Justine Henin, namba moja wa dunia, kwenye nusu fainali ya Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, akiwa amepoteza seti ya kwanza 6-1. Fainali akafungwa na Venus Williams. Miaka sita ikapita. Tarehe 6 Julai 2013 akarudi fainali pale pale, akamshinda Sabine Lisicki 6-1, 6-4, na mpira wa mwisho aliuanzisha yeye, mpinzani hakuugusa. Hayo yalikuwa mashindano yake ya 47 ya Grand Slam, yaani yale makubwa manne ya kila mwaka, na katika Wimbledon hiyo hakupoteza hata seti moja. Nyinyi mnaonipigia simu baada ya kufungwa mechi nne mkitaka kubadilisha mtindo, ihesabuni hiyo 47 taratibu.

Mwezi uliofuata, kwenye mashindano ya Cincinnati, Marekani, alifungwa na Simona Halep, akatangaza kuacha akiwa na miaka 28. Mwili ulikuwa umegoma: bega, nyonga, mgongo. Hapa ndipo ninapowasihi kwa moyo wote. Maumivu yanayorudi mahali pale pale siku tatu mfululizo, usiyafiche kwa kuogopa kuachwa kwenye timu. Mwambie kocha siku hiyo hiyo, umwonyeshe kwa kidole panapouma. Na wewe kocha, ukiambiwa, weka raketi ya mtoto chini kwanza, halafu ndipo umuulize maswali.