Uliza Shangazi: Baiskeli yangu naiona kila siku, dogo anaikanyaga, nimfanyeje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni kijana wa Mbagala, nauza mikate, alfajiri nachukua bekari nasambaza madukani mpaka huko Kongowe na kazi yote naifanya kwa baiskeli. Mwezi uliopita niliiegesha nje ya duka nikaingia kuhesabiana hela na Mangi, kutoka haipo, na kreti la mikate nikalikuta limewekwa chini ukutani vizuri kabisa, yaani mwizi kanishushia mzigo! Ni Phoenix nyeusi. Sasa juzi juzi namuona dogo mmoja wa mtaa wa pili anakatiza na baiskeli ya bluu, imepakwa rangi kwa brashi hadi spoku zina matone ya rangi, lakini kerea ni ile yangu, nilichomelea nondo mbili pembeni ili kreti likae lisiyumbe, hakuna mtu mwingine anayo. Shida ni kwamba dogo ni mtoto wa mama vitumbua ambaye nanunua kwake kila asubuhi. Washkaji wanasema tumpigie tu kelele za mwizi watu wamalizane naye, mwingine anasema tukaichukue usiku kimya kimya, mama mwenye nyumba wangu anasema tusome albadiri, ile dua ya kumshtakia mwizi kwa Mungu. Hasira zimefika shingoni na kila siku nakodi baiskeli ya mtu. Nifanyeje?
Muuza mikate, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hilo la kushushiwa kreti nimecheka, nisamehe, ila huyo mwizi inaonekana ana adabu zake.

Nianze na ushauri wa washkaji maana ndo wenye hatari. Wewe unataka baiskeli, si ndiyo? Ukimpigia dogo kelele za mwizi pale Rangi Tatu saa kumi na moja jioni, watu ndo wanashuka kwenye daladala wamechoka, jua limewapiga, hela hawana, unadhani utaweza kuwaambia jamani basi inatosha mi nilitaka baiskeli yangu tu? Hakuna atakayekusikia. Hawakujui wewe, hawamjui dogo, hawajui kama kuna nondo mbili kwenye kerea, wanaokota tofali tu, na yule wa kuleta tairi na petroli hajawahi kukosekana. Ripoti za haki za binadamu ambazo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu inazitoa kila mwaka huwa zina sehemu ya watu waliouawa kwa kuchukuliwa sheria mkononi, na humo wapo ambao hawakuwa wezi, walifananishwa tu au walikuwa na ugomvi na mtu akawapigia kelele. Halafu dogo akishakufa polisi hawaji kukamata "wananchi wenye hasira kali", wanakamata anayejulikana, na anayejulikana ni wewe uliyepaza sauti. Kesi ya mauaji haina dhamana, utakaa mahabusu ukisubiri, na adhabu yake kwenye Kanuni ya Adhabu ni kunyongwa. Wakati huo wizi wenyewe wa baiskeli mahakamani ni kifungo kisichozidi miaka 7. Na baiskeli nayo kwenye vurugu zile kuna mtu atapanda ataondoka nayo, utaanza upya kuitafuta.

La kwenda usiku ndo kabisa usifanye. Ni mali yako sawa, lakini majirani wa mama vitumbua watamuona mtu saa nane za usiku anavuta baiskeli uani kwa watu, sasa hapo atakayeitwa mwizi ni nani?

Albadiri, mi ni mtoto wa pwani nimeiona tangu utoto, inatangazwa kwamba ijumaa itasomwa, na kweli vitu vingine hurudi usiku vikawekwa mlangoni, kwa sababu aliyechukua kaogopa. Masheikh wengine wanaikataa kabisa na sitaki kuingilia hilo, muulize sheikh wako. Ila kwa kesi yako sioni haja yake maana inasomwa pale usipomjua aliyechukua, wewe baiskeli unaiona kwa macho yako mchana kweupe.

Tuje kwenye kazi sasa. Kwanza uhakikishe. Phoenix nyeusi Dar zimejaa, wauza samaki wa Feri wanazo, wauza maziwa wanazo, wabeba mkaa wanazo, na mtu akiibiwa kila Phoenix anaiona yake. Nondo zako ni alama nzuri lakini rudi kwa fundi aliyekuchomelea, na kwa fundi wako wa kila siku wa pale chini ya mwembe au wapi, huyo ndo anaijua kuliko wewe. Fundi baiskeli anakumbuka pedeli gani aliibadilisha ikawa hailingani na ya pili, kota pini gani aliipiga nyundo ikapinda, upande gani ringi ilikuwa inacheza, tyubu ina viraka vingapi na wapi. Muombe apite aitupie jicho dogo akiwa ameiegesha, bila kuigusa na bila kusema kitu. Fundi anatambua mkono wake kama mama anavyotambua mshono wake.

Halafu kaa chini uandike alama zote, zote, hata mkwaruzo, KABLA hujaikaribia. Hili watu wanalipuuza na ndo linalowaangusha mahakamani. Mwenye mali anatakiwa aeleze alama za pekee za mali yake kabla hajaonyeshwa, ukizieleza ukiwa umeshaisimamia mbele yako wakili atakuambia unasoma kilichopo. Ukiwa umeeleza kwanza na ikakutwa vile vile kwa mtu ambaye hana maelezo ya kueleweka, na imeibwa siku si nyingi, mahakama inaweza kabisa kumtia hatiani kwa hilo la kukutwa na mali iliyoibwa karibuni hata kama hakuna aliyemuona akiichukua. Na namba ya fremu kama uliwahi kuiandika popote ndo umemaliza, rangi ya brashi inafunika lakini namba imegongwa kwenye chuma, ukikwangua kidogo inaonekana. Ukikuta imesagwa na msasa au tupa nayo hiyo ni habari.

Hujaniambia kama ulichukua RB siku ile, yaani ile namba ya taarifa unayopewa polisi ukiripoti. Nahisi hukuchukua, maana wengi wenu mnaona baiskeli ni kitu kidogo cha kupeleka polisi. Nenda kesho kachukue, eleza lini, wapi, alama zipi, RB haina malipo. Bila hiyo siku mambo yakiharibika wewe na dogo mnaonekana vijana wawili tu mnagombania baiskeli.

Ukishakuwa na RB nenda kwa mjumbe au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wa kwao dogo, siyo wa kwenu. Najua utataka kuanza kwa mama yake kwa sababu mnajuana, lakini tafadhali usiende asubuhi pale kwenye kikaango, mafuta ya moto yapo, wateja wamepanga foleni, mwanamke wa watu umwambie mbele yao mwanao kaiba? Atamtetea hata kama moyoni anajua, mzazi gani hatamtetea. Aitwe na mjumbe, yeye na mwanae, mchana, kwenye benchi la mjumbe, wewe uje na mtu mzima mmoja mwenye busara na fundi wako. Washkaji wabaki nyumbani. Nimesema wabaki nyumbani, siyo "wasubiri nje".

Na ukifika usiseme umeiba. Sema "mdogo wangu, hii baiskeli umeipata wapi?" halafu nyamaza umuache ajibu. Hapo kuna mawili matatu. Anaweza kusema nimenunua kwa jamaa fulani, na inawezekana ni kweli, vijana wengi wananunua barabarani kwa bei ya kutupa bila kuuliza. Basi atuonyeshe huyo jamaa, na hapo dogo anageuka shahidi wako na mama vitumbua anakuwa upande wako. Anaweza kukataa akasema ni yake tangu zamani, basi mwambie mjumbe amuulize namba, kainunua wapi, nani kachomelea zile nondo, za kazi gani kwa mtu asiyebeba kreti? Wewe tulia. Au anaweza kukimbia, na akikimbia usimfukuze mwanangu, ukimfukuza mtu mtaani hata usipotamka neno watu watajua wenyewe cha kufanya. Muache aende, baiskeli imebaki. Na akichomoa kitu chenye ncha rudini nyuma mpige simu polisi, 112.

Kumkamata mtu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa raia wa kawaida nafasi hiyo pale kosa linapotendwa mbele ya macho yake, na hata hapo kazi yako inaishia kumkabidhi polisi bila kuchelewa, hakuna pale panaposema umfunge kamba kwenye nguzo ya umeme kwanza ili watu wapige picha. Na picha zake usitupie kwenye grupu la wasapu la mtaa na maneno MWIZI HUYU, kama ikija kugundulika alinunua kwa mtu tutaanza kuongelea Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na wewe ndo utakuwa mshtakiwa.

Kuna jambo moja la kukera nikuambie mapema. Ikienda polisi baiskeli inakuwa kielelezo na inaweza kukaa kituoni mpaka kesi iishe au hakimu aamuru urudishiwe, na wewe mikate inakusubiri kila alfajiri. Ndo maana wengi wanapenda iishie kwa mjumbe na mi sitakulaumu kama ukipewa baiskeli yako ukaondoka nayo, ila iandikwe, msaini wote, na mjumbe apige muhuri. Usije tu ukasema nipeni laki mbili nisiende polisi. Kurudishiwa mali yako ni haki yako, kuchukua hela ili ufiche kosa la mtu hilo lenyewe ni kosa jingine.

SWALI: Shangazi mwanangu yupo sekondari hapa Tanga, alinunua baiskeli ya mtumba ile ya kijapani kwa mtu barabarani elfu sitini, tukafurahi. Sasa kaja mzee anasema ni yake na anayo picha. Hela yetu tumetoa kihalali, kwa nini turudishe?
Mama wa Ngamiani

JIBU: Kwa sababu aliyewauzia hakuwa na cha kuuza, dada yangu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa iko hivyo, ukinunua kitu cha wizi hata kama hukujua hakiwi chako, mwenyewe akithibitisha anachukua, wewe unabaki kumdai aliyekuuzia. Inauma najua. Lakini elfu sitini kwa baiskeli yenye gia na kikapu, Tanga, mji ambao kila nyumba ina baiskeli na kila mtoto anajua bei? Hapo hata mimi ningeuliza mara mbili.

Usimpe mzee mlangoni hivi hivi lakini, maana matapeli nao wanakuja na picha. Mwambie akutajie alama kabla hujamtolea nje. Zile za Japani nyingi bado zina stika ndogo yenye namba kwenye fremu, ni usajili wao wa kule wa kuzuia wizi, polisi wa huku hawana hilo daftari ila namba ni namba, kama mzee anayo kwenye picha yake na inafanana basi imekwisha. Mkabidhiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, muandikishiane. Na kijana aseme alinunua kwa nani na wapi, asimfiche huyo muuzaji kwa kuogopa, kwa sababu kupokea mali huku unajua ni ya wizi ni kosa na anayeficha ndo anaonekana alijua.

SWALI: Anti nimeibiwa mbili mwaka huu, zote nilizifunga na zile kufuli za waya. Nifunge na nini?
Mkazi wa Buguruni

JIBU: Ule waya plaizi moja tu. Nunua mnyororo wa chuma mnene dukani wanapouza vifaa vya ujenzi wakukatie mita moja hivi, na kufuli nzito, upitishe kwenye fremu NA ringi ya nyuma NA kitu kilichochimbiwa chini, siyo kwenye mti mwembamba wa mtu wa kuanikia nguo. Ringi ya mbele ukiifunga peke yake utarudi uikute ringi ya mbele peke yake.

Leo ukifika nyumbani ipindue, pale chini pedeli zinapoungana au kwenye bomba chini ya kiti kuna namba zimegongwa, zipige picha na ujitumie mwenyewe wasapu zisipotee na simu. Halafu chomoa kiti, chukua karatasi andika jina na namba ya simu, ifunge kwenye nailoni, isokomeze ndani ya lile bomba, rudisha kiti kaza. Rangi watabadilisha, kengele watatoa, usukani watageuza, lakini huko ndani hakuna anayechungulia. Fundi akikuuliza unafanya nini mwambie unaweka kinga.