Mgeni Hajakataa, Amenuna Tu: kwa Waongozaji Wapya wa Moshi

Nimepitia ripoti za vijana wetu wanaoongoza wageni Kilimanjaro msimu huu, kila mgeni aliyesuasua kushuka kaandikwa "refused", yaani alikataa. Jamani! Aliyekataa hashuki. Anayeshuka huku amevuta mdomo ni "reluctant": moyo hautaki, miguu inatembea.

1. Oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, mnaijua. Pimeni jioni na asubuhi, andikeni palepale.

2. "Reluctant" hufuatwa na "to" na kitendo: "reluctant to descend". Si "of", si "for". "Loath to" ni jirani yake mwenye ukali zaidi, ila ukiongeza "e" mwishoni umeandika kwamba mgeni anachukia.

3. Hili lina kovu langu. Tulikuwa kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, usiku wa kwenda kileleni. Mgeni wangu, Mwingereza, alikuwa ametapika na sasa anayumba. Nikamwambia safari yake imeishia hapo. Akabisha, akalia, akanitajia akiba aliyoweka kwa ajili ya kilele cha Uhuru. Mwishowe akavaa buti mwenyewe, tukashuka naye taratibu hadi kambi ya Millennium, kulipokucha helikopta ikamchukua. Jioni, usingizi umenielemea, nikaandika: "Client refused to descend." Sentensi hiyo ikafika kwa watu wa bima. Wao wakasoma mtu aliyepuuza ushauri, wakasita kulipa helikopta. Bosi akanisomea ripoti yangu kwa sauti mbele ya wapishi, na mpaka msimu ukaisha wagumu, yaani wapagazi, waliniita Rifyuzdi. Hilo nililivumilia. Kilichoniuma ni barua pepe ya mgeni. Hakunitukana, aliuliza tu: nilikataa saa ngapi? Nikakaa kuandika barua ya pili kwa bima, nikieleza kwamba alilalamika, akashauriwa, akashuka. Walilipa, lakini baada ya kumsumbua sana.

4. Mwingereza akikwambia "I'm a little reluctant to go on", usimpigie makofi wala kumwimbia pole pole. Kwa wengi wao hiyo ni hapana iliyovaa adabu, na huenda kichwa kinampasuka. Mkalishe, mpime, muulize maswali yote. Mwoga akishapumzika atasimama mwenyewe.

5. Chajini redio. Na wewe uliyeandika "he reluctanted", pita ofisini kesho kabla ya saa nne. Chai ipo.