Mdogo wangu, tundu la SAP halisubiri mfunge hesabu

"Shikamoo dada. Nimeajiriwa karibuni kwenye kampuni inayotumia SAP, mfumo wa hesabu, mishahara na manunuzi. Nimekuta zana yake ya Visual Composer bado ipo na haijawekewa kiraka. Bosi anasema haitumiki, kwa hiyo nisubiri hadi tufunge hesabu za mwaka. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako ulinifikia wiki iliyopita na umenikosesha raha, kwa sababu maneno ya bosi wako niliwahi kuambiwa mimi mwenyewe Aprili 2025. Ngoja nikusimulie ilivyokuwa kazini kwetu, maana wewe na wengi mnaonisoma mnataka kufika mahali pamoja: kusimamia mfumo mkubwa wa kampuni na kusikilizwa mnapoongea.

Alhamisi ya tarehe 24 Aprili 2025, SAP, kampuni inayotengeneza mfumo huo, walitoa kiraka cha dharura, yaani rekebisho la kuziba tundu la usalama. Viraka vyao vya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na vya mwezi ule vilikuwa vimeshatoka. Wakiongeza kingine katikati ya mwezi, ujue kuna watu wameshaingiliwa. Udhaifu wenyewe ulipewa namba CVE-2025-31324 kwenye orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu, na ukali wake ukapimwa alama 10 kati ya 10.

Visual Composer ni zana ya ndani ya SAP NetWeaver, jukwaa linaloendesha programu za SAP, iliyotengenezwa ili watu wa idara za biashara waunde kurasa zao bila kuandika programu. Ndani yake kuna anwani ya kupandishia mafaili, /developmentserver/metadatauploader. Mfumo wowote wa maana hukuuliza mambo mawili kabla ya kukupokea: wewe ni nani, na una ruhusa ya kufanya nini. Anwani hiyo haikuuliza hata moja. Aliyeweza kuifikia kwa mtandao alipandisha faili lake, na faili likiwa la .jsp, yaani ukurasa wenye msimbo wa Java, seva ililiendesha kama amri halali, tena kwa mamlaka ya mtumiaji anayemiliki SAP yote kwenye seva. Hebu fikiria ghala la bandarini lenye mlinzi, daftari na mizani kwenye geti kuu, huku nyuma kuna mlango wa mafundi ulioachwa wazi tangu siku ya kuezeka. Nywila ndefu, kufunga akaunti baada ya kukosea, majukumu ya watumiaji tuliyohangaika kuyapanga: vyote viko geti kuu.

Sasa kwetu. Tulikuwa na tovuti ya wazabuni, inaonekana kwenye intaneti saa zote, na chini yake ilikuwa NetWeaver ya Java. Nilisoma tangazo la SAP nikiwa bado ofisini, nikaomba kikao asubuhi ya Ijumaa. Mkuu wangu akasema Visual Composer hatutumii. Mshauri wa mfumo tuliyemlipa kila mwezi akaunga mkono kwa simu: haiwekwi mtu anaposimika mfumo kwa kawaida, hivyo tulale usingizi. Ni kweli haiwekwi kwa kawaida, lakini mimi nilikuwa nauliza kuhusu seva yetu sisi. Nikafungua ukurasa wa taarifa za mfumo, nikashuka kwenye orodha ya vijenzi, nikawaonyesha: VCFRAMEWORK, ndiyo Visual Composer yenyewe. Ipo. Aliyeiweka enzi za mradi wa kwanza hakuna aliyemkumbuka.

Hoja ikahamia kwenye faiawoli. Faiawoli yetu iliruhusu wazabuni waingie kwenye tovuti yao, na ombi la mshambuliaji lingepita njia ileile waliyopita wao. Ndipo likaja lile uliloambiwa wewe: mwisho wa mwezi, mishahara, tusiguse seva.

Hapo ndipo wengi hukunja laptop wakarudi mezani. Mimi nilimwomba mkuu wangu ruhusa ya kumwona mkurugenzi wa fedha, akanipa shingo upande. Mkurugenzi aliniuliza swali moja tu, hasara yake ni nini. Sikumtajia namba ya udhaifu wala alama. Nilimwambia: mtu akiingia kwa njia hii anaweza kufika moja kwa moja kwenye hifadhidata na kubadilisha akaunti ya benki ya mzabuni, malipo yakaenda kwingine, na ukifungua historia ya mabadiliko hutakuta jina la mtumiaji yeyote. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama lazima mishahara isimame. Nikamjibu hapana.

Na kweli haikuhitajika, hili lishike sana. Kiraka kamili kilikuwa kwenye noti ya usalama, maelekezo rasmi ya SAP, namba 3594142. Kwa asiyeweza kukiweka siku hiyohiyo, SAP walitoa noti 3593336 yenye njia ya muda: kuiondoa kwenye seva ile programu ndogo ya kupokea mafaili. Kwa kuwa kwetu hakuna aliyeitumia, hakuna kilichovunjika. Niliiondoa jioni ileile, na kwenye SAP Web Dispatcher, programu inayopokea maombi mbele ya tovuti, nikazuia kila ombi linaloanza na /developmentserver.

Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Muungano. Wenzangu walikuwa nyumbani na watoto, mimi nilikuwa mbele ya skrini natafuta kama kuna mtu alitutangulia. Kiraka huziba mlango tu. Aliyeingia jana hakitamtoa, na Mandiant, kampuni ya uchunguzi wa mashambulizi ya mtandaoni, walieleza kwamba ushahidi wa mashambulizi hayo ulirudi nyuma hadi Machi, wiki kadhaa kabla kiraka hakijakuwepo. Nilipitia folda za root, work na work/sync zilizo ndani ya servlet_jsp/irj, nikitafuta faili lolote la .jsp, .java au .class ambalo halikuja na SAP. Kwa waathirika wa mwanzo yalionekana majina kama helper.jsp na cache.jsp, lakini mshambuliaji anaweza kutumia jina lolote, kwa hiyo nilifuata tarehe ya kila faili na mmiliki wake. Kwetu palikuwa safi.

Mishahara ikatoka, kiraka kikaingia. Tarehe 13 Mei SAP wakatoa noti ya pili, 3604119, kwa ajili ya CVE-2025-42999, iliyokata mzizi uliobaki palepale kwenye Visual Composer. Nayo nikaiweka. Mwezi huohuo nikaanza kuona kwenye logi, kumbukumbu za seva, maombi ya POST, yaani ya kupeleka data, kuelekea anwani ile, kutoka nchi ambazo hatununui wala kuuza nazo kitu. Yote yalikataliwa. Najivunia kazi ile kuliko cheti chochote nilichowahi kupata.

Kilichoniuma ni kikao cha tathmini. Shukrani za kulinda mfumo zilisomwa kwa jina la wale washauri, waliotuambia tulale usingizi, na mkataba wao ukaongezwa. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Mpaka leo nikipita mlangoni pa chumba kile nalikumbuka. Nakwambia haya ili ujue mapema kwamba kazi hii ikienda vizuri haionekani, na anayesubiri kupigiwa makofi ndipo ailinde kampuni ataacha mlango wazi.

Vijana wenzangu wa TEHAMA, tuambiane ukweli. "Haitumiki" si ulinzi. Kisichotumika ndicho kisichoangaliwa, na kisichoangaliwa ndicho hukaa miaka bila kiraka. Mwaka 2010 SAP walirekebisha tundu la Invoker Servlet, sehemu ya NetWeaver ya Java iliyomruhusu mgeni kuendesha programu bila kuingia kwa akaunti. Mei 2016 serikali ya Marekani ikalazimika kutoa tahadhari, kwa sababu mashirika 36 duniani yalikutwa na dalili za kuingiliwa kupitia tundu lilelile. Julai 2020 likaja RECON, CVE-2020-6287, nalo la alama 10: ukurasa wa usanidi uliomruhusu mtu asiye na akaunti ajitengenezee mtumiaji mwenye mamlaka yote. Mara zote tatu ni ukurasa wa pembeni ambao haukumuuliza mgeni jina lake. Fungueni orodha ya vijenzi muisome wenyewe, kwa macho yenu. Msikubali kuambiwa kwa simu.

Narudi kwako, mdogo wangu. Hali yako ni nzito kuliko ilivyokuwa yangu, maana seva yako imekaa wazi muda mrefu baada ya siri kutoka, na Agosti 2025 msimbo wa kushambulia unaounganisha matundu yote mawili ya Visual Composer uliwekwa hadharani. Hata wale waliochelewa kuanza kushambulia walionekana wakitumia mafaili yaliyoachwa na waliowatangulia. Kwa hiyo chukulia kwamba kuna mtu ameshaingia mpaka uthibitishe vinginevyo. Kabla hujafuta chochote, nakili logi na folda nilizozitaja uziweke nje ya seva hiyo. Ondoa programu ya kupokea mafaili leo jioni, hilo halisubiri kufunga mwaka. Ukikuta faili geni, usilifute ukanyamaza: seva hiyo itoke kwenye mtandao, wataalamu wa uchunguzi waitwe, na nywila zote zilizohifadhiwa ndani yake, pamoja na za mifumo inayounganishwa nayo, zibadilishwe.

Bosi wako mheshimu, usimzunguke. Mwandikie barua pepe fupi leo, nakala kwa mkaguzi wa ndani: kijenzi kipo, picha ya skrini hii hapa, noti ni 3594142 na 3604119, njia ya muda haisimamishi hesabu, naomba jibu kabla ya saa kumi jioni. Akikataa, akatae kwa maandishi. Nakala ya jibu hilo ihifadhi vizuri, kisha uniandikie tena.