Futa hiyo orodha ya "makosa 100 ya Hollywood" kabla hujarekodi chochote

Mkuu mleta mada, unasema unafungua chaneli ya YouTube ya makosa ya muvi na siri za nyuma ya kamera. Umenunua orodha ya "makosa 100 ya Hollywood" kwenye kundi la WhatsApp, unaanza kurekodi Jumamosi, na unauliza maiki ipi inafaa, chaneli uipe jina gani, na kama vipande vya muvi vitakuletea matatizo ya hakimiliki. Maiki tutafika. Ila nimeikuza ile picha uliyobandika ya ukurasa wa kwanza, na namba saba naijua mpaka herufi zake zilizokosewa. Ni orodha ileile niliyouziwa mimi. Usirekodi.

Namba saba inasema kwenye Return of the Jedi ya 1983, moja ya muvi za Star Wars, yule rubani msaidizi wa mhusika Lando, mwenye macho meusi na mashavu yanayoning'inia, anaongea Kihaya cha Tanzania. Mtanzania gani asiyefurahi akisoma hivyo? Niliifanya ndiyo video ya kufungulia chaneli. Nilimuuliza aliyeniuzia kama ana uhakika, akanijibu, "Hiyo imeshahakikiwa Marekani kaka, wewe soma tu." Nikasoma. Kulikuwa na duka la simu limenilipa nilitaje mwanzoni mwa video, na hela ile ndiyo ningenunulia taa na kulipa mhariri.

Haikufika usiku, mzee mmoja wa Bukoba akaandika kwamba amesikiliza na kurudia, na hajaambulia hata neno moja. Nikamjibu kwamba labda ni Kihaya cha zamani. Hapo ndipo Wakenya walipoingia. Mmoja akaandika maneno ya rubani yule neno kwa neno, na chini yake tafsiri. Mwingine akasema alimsikilizisha bibi yake wa Nyeri ambaye hajawahi kuangalia muvi ile, na bibi akaelewa. Ni Kikikuyu, ndugu yangu. Sauti ile ni ya Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi kutoka Kenya, na aliongea Kikikuyu cha kueleweka kabisa. Ben Burtt, fundi wa sauti wa muvi zile, alikuwa na kawaida ya kujenga lugha za viumbe wake juu ya lugha za watu wa kweli: Greedo ana Kikechua cha Amerika Kusini ndani yake, na Ewok wana Kikalmyk cha Urusi. Hadithi ya Kihaya imezunguka mitandaoni miaka mingi kwa sababu kila anayeinakili si Mhaya wala Mkikuyu.

Sasa sikia kilichoniuma. Mwenye duka la simu ni Mhaya wa Muleba. Alinipigia mwenyewe: "Kijana, lugha ya mama yangu naijua. Toa jina la duka langu kwenye hiyo video." Hela akaitaka irudi, ikarudi. Mhariri nilimlipa kwa kukopa. Yule muuza orodha nilipomtafuta alikuwa keshanitoa kwenye kundi, na naona hata jina la faili hajajisumbua kubadilisha anapowauzia wengine. Mtu wa namna hii anajua anachofanya. Anauza maneno ambayo hajawahi kuyapima, kwa vijana wanaotaka kuanza kitu chao, na nikipata namna ya kumzuia nitamzuia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii na sina nyingine: kosa lolote ambalo hujaliona au kulisikia mwenyewe ndani ya muvi yenyewe, usilitaje. Siyo kwenye kipande cha TikTok, siyo kwenye picha yenye mshale mwekundu. Weka muvi, fika kwenye sekunde ile, simamisha.

Ukifanya hivyo nusu ya orodha inakufa. Saa ya mkononi kwenye mbio za magari ya farasi za Ben-Hur ya 1959, muvi ya enzi za Warumi? Mwangalie steringi Charlton Heston mikono: amevaa ngozi mpaka karibu na kiwiko, saa utaiona wapi? Na yule "aliyekufa wakati wa kupiga picha" wanayemtaja hapohapo ni Joe Canutt, aliyemwakilisha Heston kwenye matukio ya hatari, aliyerushwa mbele gari lake liliporuka juu ya mabaki. Alichanika kidevu, basi. Baba yake, Yakima Canutt, ndiye aliyesimamia mbio zile, na tukio lilikuwa zuri kiasi kwamba walilibakiza, wakamwongezea Heston akipanda kurudi garini. Ile ya mtu aliyejinyonga msituni kwenye The Wizard of Oz ya 1939 nayo ni ndege mkubwa anakunjua mbawa. Kwenye kanda mbovu za VHS unaona kivuli kinaning'inia, kwenye nakala safi unaona ndege.

Nakala, mkuu, nakala! Hapa wengi wanaanguka hata wakiwa wameangalia. Muvi nyingi za zamani zilipigwa kwa fremu ndefu, halafu juu na chini vikafichwa sinema ilipoonyeshwa. Zilipohamishiwa kwenye televisheni za mraba, sehemu iliyofichwa ikafunguliwa, ndiyo maana unaona maiki inaning'inia juu ya kichwa cha steringi. Aliyekosea hapo si mpiga picha. Kingine, makosa yanafutwa. Kile kikombe cha kahawa cha kisasa kilichosahaulika mbele ya malkia Daenerys kwenye tamthilia ya Game of Thrones, Mei 2019, HBO walikiondoa kidijitali ndani ya siku chache, kwa hiyo anayeangalia leo hakioni na atakuita mwongo. Na orodha yako naona imeandika ni cha Starbucks. Hakikuwa cha Starbucks. Yule askari wa sare nyeupe anayegonga kichwa mlangoni kwenye Star Wars ya 1977, kwenye DVD ya 2004 walimwongezea na mlio kabisa. Taja umeangalia nakala ipi.

Na yapo ya kweli matamu, huna haja ya kuuziwa. North by Northwest ya 1959, kwenye mgahawa wa Mount Rushmore, kuna mtoto ameketi nyuma anaziba masikio kabla bastola haijalia. Wameshafanya mazoezi, anajua mlio unakuja. Pretty Woman ya 1990, Julia Roberts anakula kroasanti, kamera inarudi ni chapati ya maji. Tukio moja hupigwa kwa pembe nyingi na kurudiwarudiwa, kisha mhariri anachukua pale mwigizaji alipoigiza vizuri, chakula kikae kitakavyokaa. Hilo ndilo watu wanataka kuelezwa, kwa nini limetokea. Kuwaonyesha tu haitoshi.

Maiki: nunua ile ndogo ya kubana kwenye kola, na utundike mablanketi ukutani ili chumba kisirudishe mwangwi.

Jumamosi anza na Commando ya 1985, kila aliyekaa kibanda umiza anaijua. Porsche ya njano ya Sully, mmoja wa wabaya, inalala ubavu, ule ubavu unasagika wote. Schwarzenegger anaisukuma inasimama kwenye matairi, anaingia, anaondoka nayo, na ubavu ni mzima, rangi inang'aa. Simamisha anapoisukuma, simamisha tena anapoondoka, weka picha mbili pamoja na dakika zake. Ukimaliza nitag hapahapa, nitakuwa wa kwanza kuiangalia.