Mti mmoja, tanuri moja: kwa nini matawi yananinyima mafuta?

Swali: Tanuri langu la pairolisisi, yaani la kupasha kuni moto bila hewa, naliendesha kwa nyuzijoto 500 za Selsiasi. Shina lililobanduliwa gome linanipa mafuta mengi na mazito. Nikitia matawi ya mti uleule na magome yake, mafuta yanapungua na kujitenga matabaka mawili, la juu majimaji, na mkaa unaongezeka. Ajabu ni kwamba mkaa huo wa matawi, nikiutia kwenye mtambo wa gesi pamoja na mvuke, unaisha upesi kuliko ule wa shina, ila unaniachia mabonge magumu kama kioo. Joto ni lilelile, unyevu nao nimeupima. Nakosea wapi?

Jibu: Hujakosea popote kwenye joto. Hayo yote matatu uliyoyaona yana chanzo kimoja: potasiamu.

Majivu ya shina tupu kwa kawaida hayafiki asilimia 1 ya uzito wa kuni kavu. Gome na vitawi vyembamba vina majivu mara kadhaa ya hapo, kwa sababu potasiamu husafiri na maji ya mti na kujaa kwenye sehemu zinazokua, na kalsiamu hujilimbikiza kwenye gome. Kiasi ni kidogo, lakini metali hizi ni vichocheo, yaani huharakisha mabadiliko ya kikemia, na kichocheo hakihitaji wingi.

Selulosi, yaani nyuzi zinazojenga kuni, ikipashwa moto bila hewa, na pasipo metali, minyororo yake hukatika vipande vizima vya sukari iitwayo levoglukosani, ambayo huondoka kama mvuke na kugeuka mafuta inapopozwa. Potasiamu ikiwepo, pete yenyewe ya sukari huvunjwa kabla haijaondoka. Badala ya mafuta unapata maji, dioksidi ya kaboni, asidi nyepesi na mkaa. Maji hayo ya ziada ndiyo yanayoyafanya mafuta yako yajitenge.

Kwenye mtambo wa gesi, tabia hiyohiyo inakuwa neema. Potasiamu iliyobaki ndani ya mkaa huusaidia mvuke kuing'oa kaboni na kuigeuza monoksidi ya kaboni na hidrojeni. Kadiri kaboni inavyoliwa, potasiamu inazidi kuwa nyingi kulinganisha na mkaa uliobaki, hivyo kasi mara nyingi hupanda kuelekea mwisho. Kalsiamu nayo husaidia, lakini chembe zake hushikamana kwa joto na nguvu yake hupungua mapema.

Sasa yale mabonge. Hapo potasiamu imekutana na silika, na silika hiyo, nadhani, wewe mwenyewe umeibeba: ni udongo na mchanga ulionasa kwenye magome matawi yalipoburutwa chini. Vikiungana vinatoa silikati, kitu kama kioo, inayoweza kuanza kuyeyuka chini ya nyuzijoto 800. Hasara ni mbili, maana majivu yanaganda na potasiamu iliyofungwa humo haichochei tena. Wanaotumia mitambo ya mchanga unaorushwa na hewa wanaijua adha hii vizuri, kwani mchanga wote unaweza kushikana ukawa jiwe. Wengi huchanganya kaolini, udongo mweupe unaoikamata potasiamu katika umbo lisiloyeyuka kirahisi.

Ufanyeje? Ukitaka mafuta, bandua magome, au loweka vipande vidogo kwenye maji ya moto kisha uvikaushe. Maji huondoa sehemu kubwa ya potasiamu. Kalsiamu inahitaji asidi hafifu, na asidi hiyo lazima isuuzwe vizuri. Ukitaka gesi, usioshe kabisa! Utakuwa unamwaga kichocheo cha bure. Kung'uta udongo tu, na usiburute matawi.

Binafsi ningetenga mafungu mawili, shina kwa mafuta na matawi kwa gesi, kuliko kubeba gharama ya kukausha kuni zilizolowa.

Jambo moja silipunguzii uzito: mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki zisiingie kwenye tanuri lako. Aseniki hutoka na moshi hata kwenye joto la pairolisisi, na shaba na kromiamu nyingi hubaki kwenye mkaa.

Ukipeleka sampuli maabara, omba majivu yapimwe kwa nyuzijoto 550, si 815 kama ya makaa ya mawe. Kwenye joto kubwa sehemu ya potasiamu hupotea hewani, nawe utaletewa namba ndogo kuliko ukweli.