Pipi za usingizi za mama, kweli siyo bangi?

SWALI: Shikamoo anti. Nipo Nkuhungu hapa Dodoma. Kaka alivyokuja likizo toka Marekani kamletea mama pakiti mbili za pipi za kutafuna, moja imeandikwa delta-8 nyingine CBN, anasema siyo bangi, ni za usingizi na kule zinauzwa mpaka sheli. Mama ana miaka 67, anatumia dawa za presha na warfarin ya kuzuia damu kuganda. Nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe, hata nusu. Na leo leo zifungie mbali na wajukuu, maana kwenye picha uliyonitumia pakiti imechorwa stroberi, mtoto atajuaje?

Kaka hajadanganya makusudi. Sheria ya Marekani ya 2018 iliruhusu bangi yenye delta-9 THC isiyozidi asilimia 0.3, delta-9 ndo ile inayolewesha, basi watu wakachukua CBD, kemikali nyingine ya kwenye bangi ambayo haileweshi, wakaigeuza kwa asidi ikawa delta-8, THC ya aina nyingine, ambayo inalewesha vilevile ila nguvu yake ndogo kidogo, na wasiposafisha vizuri kemikali zinabaki humo humo kwenye pipi. CBN nayo ni THC iliyozeeka, bangi ikikaa sana kwenye hewa na mwanga inageuka hiyo, na ushahidi wa kwamba inaleta usingizi ni mdogo mno kuliko maneno ya kwenye pakiti.

Ila mi naogopa zaidi hiyo warfarin. THC na CBD zinaweza kuzuia ini lisiivunje, inajaa mwilini, mtu anaanza kutokwa damu. Halafu THC inaweza kushusha presha ghafla mtu akisimama, sasa fikiria mama anaamka saa nane usiku kwenda chooni. Na pipi inachelewa kupanda, saa nzima hata mawili, mtu anaona kimya anaongeza nyingine.

Kisheria hapa kwetu bangi ni bangi, iwe msokoto, mafuta au pipi, na atakayekutwa nazo ni wewe, kaka ameshapanda ndege. Piga 119, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ni bure, uulize namna ya kuzikabidhi.

Kama mama ameshaonja mwambie daktari wazi wazi, usifiche. Na umuulize kuhusu dawa ya kukojosha, kama kwenye zile za presha ipo na anainywa jioni, inaweza kuwa hiyo hiyo ndo inamwamsha usiku kucha.